Nguo Itokayo Mtini

Wahenga walisema, "Usione vyaelea, vimeundwa." Methali hii aghalabu hutajwa kwa kumsifu fundi wa jahazi, lakini leo nataka kuitaja juu ya nguo uliyoivaa, msomaji wangu. Huenda shati lako au rinda lako limetokana na mti. Sisemi pamba, maana pamba ni zao la mche wa shambani ambao kila mtoto wa shule anaujua. Nasema mti hasa, mti wenye shina, matawi na gome, uliokatwa kwa msumeno, ukapikwa, ukayeyushwa, kisha ukavutwa uzi. Geuza ukosi utazame kibandiko kilichoshonwa ndani. Ukikuta hapo jina la viskosi, au rayoni, au modali, au laioseli, jua kwamba umevaa kipande cha msitu.

Siku moja nilikuwa sokoni nikitafuta nguo. Muuzaji alinionyesha gauni laini lenye kung'aa, akaniambia kuwa ni hariri. Nilipogeuza ukosi niliona kwamba lilikuwa viskosi, yaani mti. Kando ya jina hilo palichorwa jani la kijani, na chini ya jani yaliandikwa maneno ya kunihakikishia kwamba nguo ile ni rafiki wa dunia. Muuzaji alikosea kwa kutojua, na kosa la namna hiyo husameheka. Lakini yule aliyechora jani alijua alifanyalo. Alitaka nimwone mti, nisikione kiwanda.

Ugomvi wangu ni na jani hilo. Siku hizi twaambiwa kila upande kwamba nguo itokayo mtini ni safi kwa sababu mti ni safi, na kwamba haidhuru dunia kwa sababu mti huota tena. Maneno haya ni matamu, nayo yana chembe ya kweli ndani yake. Ndiyo maana yanapumbaza. Mti ni kitu chema, hilo sibishi. Lakini wema wa mti hauwi wema wa mtu aukataye, wala wa dawa uyeyushwao nayo, wala wa tajiri auzaye uzi wake. Mti hauwezi kusimama mbele ya hakimu kumtolea kiwanda ushahidi.

Yafaa kwanza niwatendee haki wanaozisifu nguo hizi, maana mshindani mwema huanza kwa kukiri la kweli. Nguo nyingine zina aibu zao. Mwaka wa 1960 Bahari ya Aral, iliyo kati ya nchi za Uzbekistan na Kazakhstan, ilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani. Mito iliyoilisha ikageuzwa njia ili imwagilie mashamba, na zao kubwa la mashamba hayo lilikuwa pamba. Leo sehemu kubwa ya bahari ile ni jangwa la chumvi, na mashua za wavuvi zimeachwa zikishika kutu juu ya mchanga. Hiyo ni aibu ya pamba iliyolimwa bila kiasi. Tena iko poliesta, ambayo peke yake ni zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani kwa mwaka. Poliesta hutokana na mafuta ya ardhini. Kila ifuliwapo hutoa vijiuzi vidogo mno visivyoonekana kwa jicho, navyo huteremka na maji hadi mitoni na baharini, wala havijui kuoza.

Mbele ya washindani hawa wawili, mti waonekana kama malaika. Waweza kukua kwa maji ya mvua bila mfereji. Waweza kusimama penye mteremko pasipofaa kwa mahindi. Uzi wake huoza ukizikwa ardhini, kama jani lilivyooza kabla yake. Sifa zote hizi ni za kweli. Lakini angalia neno nililolitumia: waweza. Kuweza si kutenda, na kati ya mti uwezao kuwa nguo safi na nguo safi yenyewe iko safari ndefu. Natutembee safari hiyo pamoja.

Ndani ya kila mti kuna kitu kiitwacho selulosi, nacho ndicho kinachoupa mti nyuzi zake. Selulosi ni karibu nusu ya uzito wa ubao mkavu. Sehemu iliyobaki ni gundi za namna namna zinazozishika nyuzi hizo pamoja. Ili kuipata selulosi peke yake, magogo hukatwakatwa vipande vidogo, vikapikwa kwa dawa kali hata gundi ikatoka, na rojo jeupe likabaki. Basi elewa jambo moja mapema: zaidi ya nusu ya mti haiwi nguo. Kiwanda chenye busara huyachoma mabaki hayo kupata nguvu za kuendeshea mitambo, na dawa huzikusanya zitumike tena. Kiwanda kisicho na busara huyaachia mto.

Kutoka rojo hadi uzi, wanadamu walihangaika sana. Mfaransa mmoja, Hilaire de Chardonnet, alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka wa 1884, na mwaka wa 1889 akayaonyesha mataifa katika maonyesho ya Paris hariri isiyotoka kwa nondo. Watu walistaajabu, lakini hariri ile ilikuwa na kilema kikubwa: ilishika moto upesi mno. Mwaka wa 1892 Waingereza watatu, Charles Cross, Edward Bevan na Clayton Beadle, walivumbua njia nyingine, na njia hiyo ndiyo inayotumika mpaka leo kwa sehemu kubwa kabisa ya nguo za miti. Rojo hulowekwa katika soda kali, likakamuliwa na kuachwa kwa muda, kisha likachanganywa na dawa iitwayo kaboni disalfaidi. Hapo hugeuka makombo ya rangi ya chungwa. Makombo huyeyushwa tena, yakawa maji mazito kama asali. Na kwa ajili ya uzito huo kitu hicho kikaitwa viskosi. Asali hiyo husukumwa kupitia vitundu vyembamba kuliko unywele, ikaingia ndani ya birika la asidi, na humo hukaza ikawa uzi.

Ni ufundi wa ajabu, wala siudharau. Lakini ile kaboni disalfaidi haiishii ndani ya uzi. Hutoka tena, ikapanda hewani pamoja na hewa nyingine yenye kunuka kama yai bovu, na mtu asimamaye karibu na mtambo huivuta kila siku ya kazi yake. Dawa hii hushambulia mishipa ya fahamu, ikamtia mtu ganzi ya mikono na miguu, ikamsumbua akili, ikaudhoofisha moyo wake. Waganga wa Ufaransa waliyajua madhara yake tangu katikati ya karne ya 19, kwa kuwatazama mafundi wa mpira walioitumia kazini. Mwaka wa 1968 waganga wa Uingereza walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba wafanyakazi wa viskosi walikufa kwa ugonjwa wa moyo kupita wenzao. Kwa hiyo hapana awezaye kusema kwamba hakuonywa.

Sasa sikiliza habari ya mtambo mmoja, maana ndani yake mna somo letu. Katika miaka ya 1960 kiwanda cha Wonjin, karibu na mji wa Seoul katika Korea ya Kusini, kilianzishwa kwa mitambo ya viskosi iliyokwisha kutumika Japani. Wajapani waliiuza, Wakorea wakaifurahia, maana nchi yao ilikuwa maskini na ilitamani viwanda kama tunavyovitamani sisi. Miaka ikapita. Wafanyakazi wakaanza kupooza, kupotewa na kauli, na kuharibikiwa akili. Kwa muda mrefu waliambiwa kwamba maradhi yale hayakutokana na kazi. Walipigania haki yao hata ikathibitishwa kwamba mamia yao waliumizwa na kaboni disalfaidi, na mwaka wa 1993 kiwanda kikafungwa. Je, mitambo ile ilivunjwavunjwa ikayeyushwa? La. Iliuzwa China.

Twazoea kununua mitumba ya nguo, na sioni aibu ndani yake. Shati lililovaliwa na mwingine halimwui alivaaye. Lakini iko mitumba ya mitambo, nayo husafiri kwa njia ile ile, kutoka kwa aliyekwisha kuiogopa kwenda kwa asiyeijua bado. Ilitoka Japani ikaenda Korea, ikatoka Korea ikaenda China. Siku moja huenda ikapiga hodi kwetu, imepakwa rangi mpya na kuchorwa jani la kijani. Nani atakayeifungulia mlango? Labda ni wewe usomaye maneno haya, maana maofisa, wahandisi na wabunge wa kesho wameketi leo kwenye madawati ya shule.

Mpaka hapa nimesema juu ya kiwanda. Msitu nao una kesi yake. Wasemao kwamba mti huota tena husahau kwamba msitu si shamba la mahindi. Katika kisiwa cha Sumatra, nchini Indonesia, misitu mikubwa ya asili ilikatwa, mabwawa ya udongo wa mboji yakakaushwa, na mahali pake ikapandwa miti ya aina moja tu ya kulisha viwanda vya rojo. Atazamaye kutoka mbali huona kijani kibichi, akaridhika. Aliyeko karibu huona kwamba wanyama wamehama na dawa za miti shamba zimepotea, na kwamba udongo ule uliokaushwa huwaka moto ambao moshi wake hufika hata nchi za jirani.

Nasi tumeonja kwa sehemu yetu. Wazee wa nyanda zetu za juu watakueleza habari za mikaratusi iliyopandwa kando ya chemchemi kwa tamaa ya fedha za haraka, na jinsi chemchemi zilivyopungua. Mti huo si mwovu. Mahali ulipopandwa ndipo palipokosewa. Katika mji wa Webuye kiwanda cha karatasi kilianza kazi katika miaka ya 1970, kikapika miti kwa njia inayofanana na ile niliyoieleza. Kiliajiri watu, kikasomesha watoto, kikaukuza mji. Wakati huo huo wakaazi walilalamika juu ya harufu yake, bati zao zilizoliwa na kutu, na maji ya mto Nzoia. Kiliposimama mwaka wa 2009, mji ulilia kwa njaa. Hayo yote mawili ni kweli, na kijana mwenye akili hana budi kuyabeba yote mawili kichwani mwake. Kiwanda huweza kukulisha na kukudhuru kwa mkono mmoja.

Utaniuliza, "Je, wataka tusikate mti wowote, tuvae nini basi?" Sivyo nisemavyo. Njia njema iko, nayo imejulikana kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1980 kampuni moja ya Uingereza iliikuza njia ya kuyeyusha selulosi kwa dawa nyingine isiyo na sumu ya kaboni disalfaidi. Dawa hiyo huoshwa ndani ya uzi, ikakusanywa na kurudishwa kazini, hata zaidi ya sehemu 99 kwa 100 hutumika tena. Uzi wake ndio uitwao laioseli, na tangu mwaka wa 1992 umetengenezwa kwa wingi wa kibiashara. Viskosi yenyewe nayo yaweza kutengenezwa ndani ya mitambo iliyofungwa, inayonasa hewa yake mbaya kabla haijafika puani mwa mtu. Kumbe basi sumu si lazima. Ni hesabu ya fedha tu: kuinasa hewa kuna gharama, na kumwachia mfanyakazi aivute hakumgharimu tajiri, ila humgharimu mfanyakazi maisha yake. Ndiyo maana bado karibu sehemu nne katika tano za nguo zote za miti ni viskosi, na mnunuzi hana njia ya kujua kwa kutazama tu kama viskosi yake ilitoka katika mtambo uliofungwa au ulio wazi.

Na hapo ndipo jani la kijani linapogeuka kuwa uongo. Mwaka wa 2013 huko Marekani kampuni nne kubwa za kuuza nguo zilikubali kulipa faini ya jumla ya dola milioni 1.26, kwa sababu ziliuza rayoni ya kawaida na kuitangaza kuwa ni nguo ya mwanzi. Kweli, mwanzi ulikuwa mwanzo wake. Lakini ulipokwisha kuyeyushwa kwa dawa zile zile, hapakubaki sifa ya mwanzi hata moja. Mwaka wa 2022 kampuni nyingine mbili zililipa dola milioni 5.5 kwa kosa la namna hiyo hiyo. Wahenga wetu walisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Nguo ikijitembeza mno kwa majani na mianzi, iulize inaficha nini.

Nami nataka ukumbuke kwamba elimu ya kuvaa mti haikuletwa kwetu na merikebu. Jirani zetu wa Buganda walivaa mti kwa karne nyingi. Mti wao ni mutuba, wa jamaa ya mikuyu. Wakati wa mvua fundi hulichuna gome la ndani, kisha huufunga mti kwa majani ya migomba kama mgonjwa afungwavyo bendeji, ili upone. Gome hupigwa kwa nyundo za mti zenye mifuo, hupigwa tena na tena chini ya banda, hata likawa laini na pana, lenye rangi ya udongo mwekundu. Mti haufi. Huvaa gome jipya, na fundi huurudia mwaka mwingine, naye humrithisha mwanawe mti ule ule. Kisha katika miaka ya 1840 wafanya biashara wa pwani wakaanza kufika Buganda. Karne ile ile pwani yetu ilijaa kitambaa cha pamba kilichoitwa merikani, kwa kuwa kilitoka Marekani, na vitambaa vya pamba vilipozidi kuingia bara, nguo ya gome ikarudi nyuma. Mwaka wa 2005 shirika la UNESCO liliutangaza ufundi huo kuwa ni urithi wa wanadamu wote, na mwaka wa 2008 ukaandikwa katika orodha yake.

Sikushauri uende shuleni na nguo ya gome. Mutuba hauwezi kuvika miji yetu, na asemaye kwamba waweza anaota. Nakutajia fundi yule kwa sababu moja: alikuwa na swali ambalo kiwanda kimelisahau. Kila alipomaliza kuchuna, aliuliza, "Mti huu utakuwaje mwakani?" Aliuliza kwa kuwa mti ulisimama mbele ya mlango wake. Anunuaye nguo leo hauoni mti, hamwoni mfanyakazi, wala hauoni mto. Kwa hiyo swali lile lazima liulizwe kwa sauti kubwa zaidi.

Wapo watakaosema kwamba maswali haya ni ya matajiri, na kwamba nchi yenye vijana wengi wasio na kazi haina haki ya kuchagua. Hoja hii naichukia kuliko zote. Wafanyakazi wa Korea walikuwa maskini, na umaskini wao haukuipunguza sumu. Maskini hana akiba ya afya ya kupoteza. Mikono yake ndiyo mali yake yote, na kazi impoozayo mikono imemnyang'anya alichokuja kukiuza. Huko Athi River maelfu ya wenzetu, wengi wao akina mama, hushona nguo za kupelekwa ng'ambo kwa vitambaa vilivyofumwa mbali. Ni haki kutamani kwamba siku moja uzi wenyewe ufanywe hapa. Lakini natutamani kwa macho yaliyo wazi.

Tena sheria iko upande wa muulizaji. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 35 chakupa wewe raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 69 chaitaka serikali ijitahidi miti ifunike walau sehemu 10 kwa 100 za nchi. Wangari Maathai alipoanza kazi ya Green Belt Movement mwaka wa 1977, hakuwa na jeshi wala hazina. Alikuwa na miche na maswali. Msitu wa Karura umesimama hadi leo kwa kuwa aliuliza hata alipopigwa.

Basi, msomaji, nakupa maswali matatu uyatie mfukoni. Kila uonyeshwapo nguo itokayo mtini, au kila usikiapo kwamba kiwanda cha nguo hizo chaja, uliza kwanza: mti huu ulikatwa wapi, na mahali pake pamebaki nini? Uliza la pili: uliyeyushwa kwa dawa gani, na dawa hiyo imekwenda wapi? Uliza la tatu, nalo ni lako mwenyewe: nguo hii nitaivaa kwa muda gani? Maana nguo iliyofanywa kwa haki na kutupwa baada ya miezi miwili imeupoteza mti kama ile iliyofanywa kwa dhuluma. Kushona kiraka si umaskini. Ni heshima kwa mti na kwa mikono iliyoutengeneza.

Ukikuta majibu mema, nunua na uvae kwa furaha, maana nguo ya mti ikitengenezwa kwa haki ni miongoni mwa nguo bora ambazo wanadamu wamejua kuzifanya. Ukikuta kimya, ujue kwamba kimya nacho ni jibu. Na wakikuonyesha jani la kijani badala ya jibu, wakumbushe kwamba jani ni la mti, nawe umewauliza habari za kiwanda.